Nilidhani ni Mwivi

Liko neno moja ambalo limekuwa likisemwa na watu wazima, wenye ndevu na wenye watoto, tangu ile kesi ya Pretoria ilipokuwa ikionyeshwa katika televisheni mwaka 2014. Hata leo ukiitaja kesi hiyo barazani utalisikia. Husema: "Lau yule aliyekuwa chooni angekuwa mwivi kweli, basi kesi isingekuwako." Hulitamka kama mtu anayejumlisha mbili na mbili, wala hapana anayelipinga. Wanaomtetea muuaji hulisema, na wanaomlaani nao hulisema. Hugombana kwa mengine yote, katika hili wakapatana. Mimi nalipinga. Nasema kuwa ni neno baya, kwani huingia majumbani mwetu likawafundisha watoto kuwa wako watu ambao damu yao ni maji.

Kwa ambao hawakuifuata khabari yenyewe, au walikuwa wadogo wakati ule, nitaieleza kama ilivyothibiti mahakamani.

Oscar Pistorius ni mwana wa Afrika ya Kusini, aliyezaliwa mwaka 1986 akiwa amekosa mfupa mmoja katika kila mguu. Kabla hajatimiza mwaka alikatwa miguu yote miwili chini ya magoti. Alikua, akakimbia kwa miguu ya kubandika, akawashinda walemavu wenziwe, na mwaka 2012 akakimbia London katika Michezo ya Olimpiki pamoja na watu wenye miguu yao. Dunia ilimsifu, na ilikuwa na haki ya kumsifu. Alikaa Pretoria katika mtaa wa wenye mali uitwao Silver Woods, mtaa uliozungukwa na ukuta, juu ya ukuta waya wa umeme, na langoni walinzi.

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Februari 2013, baada ya saa tisa za usiku, mtu huyu alipiga risasi 4 za bastola ya milimita 9 katika mlango wa choo cha nyumbani kwake, mlango uliokuwa umefungwa kwa ndani. Nyuma ya mlango alikuwako Reeva Steenkamp, mwanamke wa miaka 29 aliyesoma sheria na kufanya kazi ya kuonyesha mavazi. Risasi 3 zilimpata, nyongani, mkononi na kichwani, akafa.

Kwamba wawili hawa hawakuwa mume na mke, wako waliolishika hilo wakalifanya ndilo somo lote. Hilo lina mahali pake, wala si hapa. Mtu akishauawa, la kwanza kuulizwa ni damu yake.

Maelezo ya Pistorius yalikuwa haya. Aliamka usiku kuingiza feni iliyokuwa mlangoni mwa roshani. Akasikia dirisha la bafu likifunguliwa. Akadhani mwivi ameingia, akachukua bastola yake, akaenda kwa vigutu vyake, bila ya miguu ya kubandika, mpaka bafuni. Akasikia kitu kikitikisika chooni, akapiga. Aliporudi kitandani ndipo alipotambua kuwa Reeva hayupo. Akavaa miguu yake, akauvunja mlango kwa gongo la kriketi, akamkuta. Upande wa serikali ulisema la, hapakuwa na mwivi wala dhana ya mwivi. Palikuwa na ugomvi, mwanamke akakimbilia chooni akajifungia, na mwanamume akampiga akijua ni yeye. Majirani walikuja wakasema walisikia mayowe ya mwanamke.

Kesi ilianza tarehe 3 Machi 2014 mbele ya Bibi Jaji Thokozile Masipa na wasaidizi wawili, kwani nchi hiyo iliondoa baraza la wazee wa mahakama tangu mwaka 1969. Watu walikaa mbele ya televisheni miezi hiyo kama wanaotazama mpira. Gerrie Nel, mwendesha mashtaka, akawa na washabiki wake. Barry Roux, wakili wa utetezi, akawa na wake. Na shabaha ya mabishano yote ikawa moja tu: alijua ni Reeva, au hakujua?

Hapa ndipo nitakapo msomaji asimame nami kidogo. Hebu tazama swali hilo limejengwa juu ya nini. Limejengwa juu ya kuwa, ikiwa alijua, basi ni muuaji. Na ikiwa hakujua, basi ni masikini aliyepatwa na msiba. Yule mwivi wa kudhaniwa, ambaye katika maneno ya mshitakiwa mwenyewe ndiye aliyepigwa risasi 4 ndani ya chumba kidogo asichokuwa na pa kujikunjia, hakuulizwa na mtu. Hakuwa na mama wa kukaa katika viti vya mbele akilia, wala wakili, wala jina. Watu walimpitia kama mtu anavyopita juu ya paka aliyegongwa na gari.

Na jaji naye, kwa heshima zake, aliingia katika njia hiyo. Tarehe 11 na 12 Septemba 2014 alisoma hukumu. Alisema kuwa mshitakiwa alikuwa shahidi mbaya sana wa nafsi yake, aliyekwepa maswali. Lakini serikali haikuthibitisha pasi na shaka kuwa alijua ni Reeva. Na kwa kuwa aliamini kuwa Reeva yuko kitandani, hakuweza kuona mbele kuwa atamuua yeye. Kwa hivyo akamwondolea shitaka la kuua kwa kukusudia, akamtia hatiani kwa kuua bila ya kukusudia, na mwezi uliofuata akampa kifungo cha miaka 5. Mwaka mmoja haukupita sana, Oktoba 2015, akatolewa gerezani akatumikie iliyobaki katika nyumba ya ami yake.

Serikali ikakata rufaa. Tarehe 3 Desemba 2015, katika Mahakama Kuu ya Rufaa iliyoko Bloemfontein, majaji 5 walikubaliana bila ya hata mmoja kutoka, na Jaji Eric Leach akaisoma hukumu yao. Walisema kuwa mahakama ya chini ilijiuliza swali lisilokuwa. Haikupasa kuuliza kama mshitakiwa alimjua aliyekuwa nyuma ya mlango. Ilipasa kuuliza kama alijua kuwa nyuma ya mlango yuko mtu, na kuwa risasi zile zaweza kumuua mtu huyo. Jina la mtu si kitu. Wakatoa mfano wa mwenye kutega bomu mahali penye watu: hawajui atakaowaua, hajapata kuwaona, na hapana anayesema kuwa kwa kutowajua hana kosa la kuwaua. Na mshitakiwa alijua kuwa yuko mtu. Ndiyo sababu yenyewe aliyoitoa ya kupiga. Basi wakabadilisha hatia ikawa ni kuua kwa kukusudia.

Wanasheria wa kule wana neno la Kilatini kwa makusudio ya namna hii, nasi katika lugha yetu tunalo lililo bora zaidi: liwalo na liwe. Mtu aona wazi kuwa kitendo chake chaweza kuua, kisha akasema moyoni liwalo na liwe, akatenda. Huyo hawezi kurudi kesho akasema hakukusudia.

Majaji wale waliyasema haya kwa kuyakubali maneno ya mshitakiwa mwenyewe. Hawakusema kuwa alijua ni Reeva. Walisema: tuchukue kuwa wasema kweli, ulidhani ni mwivi, hata hivyo umeua mtu kwa kukusudia. Ile kauli ya barazani, kuwa kwa mwivi kesi isingekuwako, ilianguka siku hiyo kwa sauti 5 kwa 0. Lakini watu wetu waliokuwa wakitazama mwaka 2014 walikwisha kuzima televisheni zao, na Bloemfontein hawakuisikia.

Wako watakaonijibu kwa dini, na kwao nina maneno. Watasema: si tumefundishwa kuwa mwenye kuuawa akiilinda mali yake hufa shahidi? Ndiyo, hadithi hiyo ni sahihi, wala sina haja ya kuipunguza. Lakini yasema juu ya aliyeuawa, nawe waichukua kuwa ruhusa ya kuua. Tena iko nyingine katika Sahihi ya Muslim ambayo yaonyesha mpango wa jambo hili. Mtu alimwendea Mtume akauliza afanye nini akija mtu kutaka kumnyang'anya mali yake, akaambiwa asimpe. Akauliza, na je, akinipiga vita? Hapo ndipo alipoambiwa naye ampige. Tazama ruhusa imekuja wapi. Haikuja katika jawabu la kwanza. Yule aliyekuwa chooni Pretoria, awe Reeva au awe mwivi, alikuwa amempiga nani vita? Alikuwa ndani ya chumba chenye mlango uliofungwa. Aliyemwogopa hajamwona hata kivuli.

Na katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu ambacho wanafunzi wa pwani hii wamekisoma kizazi baada ya kizazi, mlango wa kumzuia mvamizi umepangwa ngazi kwa ngazi. Awezaye kumzuia kwa maneno, au kwa kupiga ukelele watu waje, ni haramu kwake kupiga. Awezaye kwa mkono, ni haramu kwake mjeledi. Awezaye kwa mjeledi, haramu fimbo. Awezaye kwa kukata kiungo, haramu kuua. Na awezaye kukimbia, basi kwa kauli ya madhehebu ni wajibu akimbie. Nimeufundisha mlango huu miaka mingi, na kila mwaka yuko kijana mmoja wa kucheka afikapo pa kukimbia. Huona ni aibu mwanamume kumkimbia mwivi. Mimi humwambia kuwa Nawawi hakuwa mwoga.

Sikai hapa kutoa fatwa juu ya mtu wa nchi nyingine na sheria nyingine. Nataka tu uzipime ngazi hizo kwa usiku ule. Alikuwa na simu. Alikuwa na walinzi langoni wa kuitwa. Alikuwa na mlango wa chumba cha kulala wa kutokea, na roshani ya kupigia kelele. Kelele alipiga, lakini akiwa anakwenda mbele na bastola mkononi. Ngazi zote aliziruka akaanzia ya juu kabisa. Hata risasi moja ya kutisha hakupiga kwanza. Na alipoulizwa mahakamani kwa nini, alijibu kuwa aliogopa risasi ingegonga ukuta ikamrudia yeye.

Jibu hilo majaji wa rufaa hawakulipita bila ya kulitaja, wala mimi silipiti. Watetezi wake walitwambia kuwa alikuwa ameshikwa na khofu, hafikiri, kidole kilikwenda chenyewe. Sasa mtu asiyefikiri amepataje kufikiri juu ya risasi kugonga ukuta na kurudi? Akili ilikuwako. Ilitumika kumhifadhi mwenye bastola, haikutumika kumhifadhi aliyekuwa mbele yake. Na hakuwa mtu asiyejua sheria. Shahidi aliyekuwa akimfundisha mambo ya silaha alikuja kusema kuwa Pistorius alifanya mtihani wa kupewa leseni, na humo aliulizwa kama yafaa kumpiga risasi mtu kwa kumkuta anaiba tu nyumbani mwako. Alijibu kuwa haifai.

Nakubali kuwa khofu ni jambo la kweli, khasa katika nchi ile. Katika mwaka ulioishia Machi 2013 polisi wa Afrika ya Kusini waliandika zaidi ya watu 16,000 waliouawa. Mtu asiye na miguu, akiwa juu ya vigutu, gizani, ana haki ya kuogopa kuliko mimi na wewe. Lakini Bibi Jaji Masipa, ambaye nimemkosoa hapo juu, katika hili alisema sawa: alikumbusha kuwa wako wengi katika nchi ile waliokwisha kuonja uhalifu wasiolala na bastola. Wanawake, watoto, wazee na walemavu wote waogopa. Je, wote wapewe ruhusa ya kupiga risasi kila mlango uliotikisika? Khofu yaweza kumpunguzia mtu adhabu. Kuifanya halali damu ya asiyeonekana, hiyo si kazi yake.

Kuna hoja nyingine ambayo watu wema huitumia, nami naiona ni dhaifu ingawa nia yake ni njema. Husema: usipige gizani, kwani huenda akawa ni mwanao. Na mifano wanayo. Mwaka 2004, katika nchi hiyo hiyo ya Afrika ya Kusini, mchezaji mmoja wa zamani wa raga aliamka usiku akaona gari la nyumbani linatoka, akadhani laibiwa, akapiga risasi. Ndani alikuwa binti yake wa miaka 19, naye akafa. Serikali iliona kuwa baba huyo amekwisha kuadhibiwa vya kutosha, ikamwachia. Na kule Marekani, mjini Baton Rouge, Oktoba 1992, kijana wa Kijapani wa miaka 16 aliyekwenda kusoma alikosea nyumba alipokuwa akitafuta karamu. Mwenye nyumba akamwambia kwa Kiingereza asisogee. Kijana hakufahamu, akasogea, akapigwa risasi akafa. Mei 1993 baraza la wazee wa mahakama lilimwachia mwenye nyumba. Baadaye mahakama ya madai ilimlazimisha kuwalipa wazazi wa kijana zaidi ya dola 650,000. Yaani upande mmoja wa sheria ulisema hana kosa, na upande wa pili ukasema alipe.

Mifano hii yaliza, nayo ni kweli. Lakini mwenye kusema "huenda akawa ni mwanao" bado amekubali lile neno baya. Amesema tu kuwa uhakikishe kwanza ni mwivi, kisha upige. Na mwivi naye ana aliyemzaa. Baba wa yule binti aliachiwa kwa sababu aliyemuua alikuwa ni wake. Je, lau ndani ya gari angekuwako kijana mwizi wa magari wa miaka 19, na baba huyo huyo amempiga akiwa anakwenda zake na gari, nani angekaa kumlilia? Gari ni chuma. Hurudi, au hulipwa, au hununuliwa jingine.

Mwisho wa kesi ya Pistorius nao haukuwa wa moja kwa moja. Baada ya rufaa alirudishwa kwa Bibi Jaji Masipa kupangiwa adhabu ya kuua kwa kukusudia, na Julai 2016 akampa miaka 6, hali sheria yao yaweka 15 kuwa kima cha chini pasipokuwa na sababu kubwa. Serikali ikarudi tena Bloemfontein, na Novemba 2017 majaji wakaipandisha ikawa miaka 13 na miezi 5, kwa kutoa katika 15 alichokwisha kutumikia. Mwaka 2022 alikutanishwa na baba yake Reeva wakazungumza. Mwaka uliofuata mzee huyo akafariki. Tarehe 5 Januari 2024 Pistorius alitoka gerezani kwa masharti, na masharti hayo yataendelea mpaka mwaka 2029. Wako walioona ni haba na wako walioona yatosha. Mimi katika hilo sina la kuongeza.

Langu liko huku kwetu. Sisi wa pwani, Unguja na Mombasa, Tanga na Lamu, wengi wetu hatuna bastola chini ya mito. Lakini tunacho kinachofanya kazi ile ile, nacho ni ukelele. Mtu mmoja hupiga kelele "Mwivi!", na kabla hajamaliza neno kijana amekwisha kuwa chini, mawe yanamwendea, na mpira wa gari watafutwa. Hapo hapana anayeuliza kaiba nini. Hapana anayeuliza kama ndiye. Wanaopiga wengi hawakuibiwa hata wao, walikuwa wanapita. Hawana hata udhuru wa Pistorius, wa giza na khofu na miguu iliyokatwa. Ni mchana, wao ni 50, na yeye ni mmoja aliyelala.

Kisha jioni wanarudi nyumbani, wanaoga, wanasali na watoto wao. Mke akiuliza palikuwa na nini sokoni, huambiwa: "Mwivi tu." Na kesho gazeti huandika kuwa mtu mmoja ameuawa na "wananchi wenye hasira kali". Maneno haya manne yamekuwa kama pazia la kufunikia kila kitu. Polisi nao huridhika nayo, faili likafungwa. Majaji 5 hawaketi, wala hapana anayepima ngazi ipi ilirukwa.

Hao wananchi wenye hasira kali wana majina. Aliyeshika jiwe la kwanza ajulikana mtaani, aliyeleta mafuta ya taa ajulikana, na duka alilonunua lajulikana. Mwenye kuyajua majina hayo akanyamaza asitafute barazani pa kumlaumu Bibi Jaji Masipa.